Wanja Shingoni mwa Ndege

"Mama, nani amewachinja ndege hawa?"

Mwanangu aliuliza hivyo akiwa amekaa sakafuni, kopo la biskuti mbele yake. Tulikuwa ndiyo kwanza tunarudi kutoka bustani kubwa ya mjini, ambako Jumapili asubuhi huwa tunakwenda kutazama ndege na kuwapiga picha, na kamera ilikuwa bado inaning'inia shingoni mwangu. Kopo lilikuwa limetufikia jana yake kwa basi la Lamu. Lilitoka kwa Bi Salma, mkaza mjomba wangu, ambaye tangu Mjomba Athmani afariki amekuwa akigawa vitu vyake kidogo kidogo, huyu saa, yule viatu. Mimi nilipata kopo.

Sikuwa nimelifungua. Nilijua kilichomo, nikawa najipa kazi nyingine. Mtoto hana subira ya namna hiyo. Alipong'oa kifuniko tu, chumba kikajaa harufu ya ubani, na chini ya ubani ile harufu ya karatasi iliyokaa na hewa ya bahari miaka mingi. Nikakaa chini palepale bila kuvua viatu.

Zilikuwa picha za ndege. Yangeyange matopeni, keremkerem juu ya waya wa ua, mdiria kwenye tawi la mkoko, kitwitwi, tetere, chozi. Na kila mmoja, shingoni, alikuwa na mstari mweusi uliopindapinda, wa mkono unaotetemeka. Ungedhani kweli wamepitishwa kisu.

"Hawakuchinjwa," nikamwambia. "Lakini ni habari ndefu."

"Leo hakuna shule," akasema, akajisogeza.

Basi nikamwambia, na wewe uliye rika langu, uliyesoma chuo cha Kurani kabla ya kusoma shule, nakwambia vilevile nilivyomwambia yeye, isipokuwa mwisho wake, ambao wakati naanza kusimulia nilikuwa siujui.

Mwaka ule mimi na mama tulihamia Siyu kwa Bibi, mama yake mama. Baba alibaki Lamu na kazi yake. Babu alikuwa amefariki kabla ya masika, na masika hayajaisha Bibi naye akalala. Sikuwa nimeona mtu mzima akilala mchana. Bibi niliyemjua mimi alikuwa mtu wa shambani, miguu haishi vumbi, sauti inasikika kutoka kisimani mpaka msikitini. Sasa alikuwa amelazwa kitandani katika chumba cha ndani, uso kaugeuzia ukuta, na sauti yake, mama alikuwa akiifuata kwa kuinamisha sikio. Nyumba ikajaa wanawake. Wengine walikuja na uji, wengine na mafuta ya kuchulia, na wengine na maneno tu. Mmoja wa hawa wa maneno, jirani mzee mwenye fimbo, alisimama kizingitini akaitazama ile miti ya dari, akasema kwa upole kabisa, "Malaika ameshaiyua ndia ya nyumba hini." Ndia ni njia, na malaika aliyemtaja ni yule wa kutoa roho.

Mimi nilikuwa nimechuchumaa nyuma ya mlango nikipembua mchele. Usiku ule sikulala vizuri, wala uliofuata.

Sasa, chuoni kwetu alikuwapo Bi Mwalimu, mwanamke mwembamba mwenye sauti nzuri ya kusoma, na wiki hiyohiyo, kwa ajili ya vijana waliobandika wachezaji mpira ukutani kwao, alitueleza kwamba malaika hawaingii katika nyumba yenye picha ya kiumbe mwenye roho. Mti si neno, alisema, jahazi si neno. Kiumbe mwenye roho, tena mwenye kichwa. Kichwa kikiondoka, picha ni kama ya mti tu. Ndiyo maana wanafunzi wakubwa walikuwa wakipiga mstari shingoni mwa kila mtu na kila ng'ombe katika vitabu vyao vya shule, ili vitabu vipate kuingia chuoni bila lawama. Siku ile watoto wenzangu walirudi makwao kubandua mabango. Mimi nilirudi na hesabu nyingine kichwani. Malaika hawaingii nyumba yenye picha. Anayetoa roho ni malaika. Nyumba ya Bibi haina picha hata moja.

Mpaka leo nikiitazama hesabu ile siioni kasoro yake, ila ni ya mtoto.

Taabu ilikuwa picha zenyewe nitazitoa wapi. Babu hakuwa akizitaka, na kalenda ya dukani ilikuwa na maua. Nilijaribu kuchora paka kwa mkaa, akatoka kama buli, nikamfuta kwa kuona haya. Ndipo Mjomba Athmani akaja.

Mjomba alikuwa akifanya kazi ya kuwatembeza wageni wanaokuja Lamu kutazama ndege, kisha wanarudi kwao. Mmoja wao alimwachia kamera ndogo ya fedha-fedha ambayo betri yake ilikuwa ikishika kwa mpira. Alikuja kumuuguza mama yake, lakini mwanamume hana pa kukaa katika nyumba ya mgonjwa mwanamke. Kila akitia mguu anaambiwa ngoja kwanza, kuna watu ndani. Alikuwa akikaa nje barazani, anasimama, anakaa, mpaka mama akamwambia, "Athmani, nenda katembee, wanitia kizunguzungu." Asubuhi iliyofuata akatoka na kamera yake, na mimi nikatoka nyuma yake.

"Wewe waenda wapi?" akaniuliza.

"Kutazama nyuni." Nyuni ndio ndege, kwetu.

Akanitazama kidogo, akacheka, akanipa mkono.

Njia yetu ilikuwa ileile siku zote. Tulipita nyuma ya ngome, tukashuka mpaka ukingo wa mkono wa bahari, maji yakiwa yamekupwa na matope yananuka yai, tukatazama waliopo mikokoni, kisha tukageuka kwa njia ya mashamba punda wakiwa bado hawajaanza kupita. Mjomba alinifundisha kutembea. Usirushe mikono. Usimwendee ndege moja kwa moja, mwendee upande upande kama kaa. Usimkodolee macho, kwa kuwa ndege anajua anapotazamwa. Alinifundisha kuzuia pumzi wakati wa kubonyeza, na kuweka viwiko mbavuni ili mkono usitetemeke. Na alinifundisha neno moja ambalo mimi mwenyewe namwambia mwanangu bustanini kila Jumapili.

"Lenga ito," alikuwa akisema. Ito ni jicho. "Ito likiwa safi, hata mkia ukipotea si kitu. Ito likipotea, umepiga manyoya."

Wewe fikiria furaha yangu. Bi Mwalimu anasema picha isiyo na kichwa haihesabiki, na Mjomba anasema picha isiyo na jicho si picha. Niliona wazi kwamba watu hawa wawili wanazungumza jambo moja. Nikawa mkali. Mjomba alipenda kuwapiga yangeyange wakiruka kundi zima, weupe juu ya mikoko, na mimi nikawa namvuta shati, "Hawa hawana nyuso, Mjomba. Yule kitwitwi pale ametuelekea, mpige yule." Alipompiga keremkerem kwa nyuma, rangi zote za mgongo zikatoka kama leso mpya, nilimwambia kwamba hiyo haifai. Alifurahi mno. Alirudi nyumbani akamwambia mama, "Mtoto huyu ana ito la kamera. Wageni wangu watu wazima hawayui aliyualo." Mama aliona fahari, nami sikuwaambia kwa nini nataka nyuso.

Tulitazama, tukangoja, tukakosa. Kukosa ndiko kwingi. Kuna mdiria mmoja aliyekuwa na tawi lake juu ya maji, kila asubuhi yupo, na kila tukiinua kamera anatupa kisogo. Nilimwomba Mungu amgeuze. Nilikuwa nikizishika kwa moyo asubuhi zile, ukungu ukiwa chini chini, miguu yangu imezama kwenye tope la uvuguvugu, mkono wa Mjomba mbele yangu umeniashiria tulia. Nilikuwa natafuta kinga ya Bibi, lakini katikati ya kutafuta nikawapenda. Sikuwa nimewahi kujua kwamba tetere ana utepe shingoni, au kwamba kitwitwi akisimama anatikisa mkia kana kwamba anakubali jambo. Siku mdiria alipogeuka, bluu yote ile na domo jekundu, jicho jeusi limetutazama sawasawa, Mjomba alibonyeza, akanishika mkono tukageuka kwa njia ya mashamba.

Mjomba alipokwenda Lamu kwa shughuli zake nilimwomba azisafishe picha studio, zote zenye uso. Nikamwambia ni za kumwonyesha Bibi, ambaye haoni tena nje. Hilo nalo lilikuwa kweli. Akarudi na bahasha nene.

Niliziweka kwa mpango wangu. Yangeyange juu ya mlango wa chumba, kwa kuwa ndiye mkubwa. Keremkerem kwenye kila dirisha. Kitwitwi kwenye lile tundu la ukutani linaloingiza hewa, maana malaika sikujua ukubwa wake. Mdiria nilimweka ubavuni mwa kitanda, usoni pa Bibi, kwa sababu alikuwa mkali kuliko wote. Mama alidhani napamba. Alikuwa amechoka, na kitu chochote kilichomfanya Bibi ageuze uso kutoka ukutani yeye alikikubali. Alisema tu kwamba Babu angekuwa hai tungepata la kusikia.

Na Bibi aligeuza uso. Alizitaka moja moja mkononi, akaziweka mbali na macho kama watu wa umri wake wanavyofanya. Alipofika kwa mnana, yule ndege mdogo wa manjano tuliyempiga juu ya suke la mtama, domo limejaa, jicho jekundu linang'aa bila haya, Bibi alinyanyuka kwa kiwiko.

"Huyu namyua," akasema. "Huyu mwivi. Mumempiga picha mwivi."

Tukacheka, na yeye akacheka. Maisha yake yote Bibi alikuwa akiamia, yaani kuwafukuza ndege wasile mtama na mpunga. Tangu akiwa mdogo kuliko mimi alikuwa akipandishwa juu ya dungu, lile jukwaa la miti katikati ya shamba, na kombeo na debe la kugonga, anapiga kelele tangu alfajiri mpaka jua kuchwa. Alitueleza siku ile, kwa ile sauti yake ndogo, jinsi minana wanavyomjua mtu aliyelala, jinsi wanavyomtuma mmoja kwanza aje ajaribu. "Mimi nawafukuza umri wangu wote," akaniambia, "na wewe wawaita, wawangiza nyumbani, wampa kila moya mahali pake." Kungia, kwetu, ndio kuingia. Akala uji ule wote. Kesho yake akakaa kitako akasukwa nywele.

Hapana mtu aliyenizidi furaha Siyu nzima. Nilikuwa nikipita barazani nikimtazama yule jirani mwenye fimbo kwa kiburi. Nilitaka kumwambia kwamba njia nimeiziba.

Kisha akaanguka tena. Hakukuwa na sababu niliyoweza kuiona. Picha zote zilikuwa mahali pake, nilizikagua moja moja. Alikataa uji, akakataa maji. Usiku tulimsikia akiita majina ya watu waliokufa, na mama akimjibu kwa niaba yao. Siku hiyo baada ya alasiri akaja Bi Mwalimu kumsomea. Alikaa, akafungua msahafu, akainua macho akamwona yangeyange juu ya mlango, kisha keremkerem, kisha wote. Akaufunga msahafu taratibu. Hakunikaripia. Alimwambia Bibi tu kwamba anaona uzito kusoma humu, kwamba chumba hiki sasa kinataka kuingiwa na malaika.

"Soma tu, Bi Mwalimu," Bibi akasema. "Nyuni ni wa mwanangu, nitanena naye."

Bi Mwalimu akasoma. Alipokwenda, Bibi akagonga godoro kwa kidole, nikapanda nikakaa.

"Esha. Picha watu huweka ukutani. Wewe mbona umeweka kwenye milango na madirisha?"

Nikamweleza. Sikuona sababu ya kuficha. Mbele ya Bibi nilijiona nimefanya kazi nzuri. Nilimwambia habari ya yule jirani, na ya chuoni, na kwa nini nilitaka wenye nyuso. Akaanza kucheka, kicheko kikageuka kikohozi, nikampa maji. Kikohozi kilipotulia alinitazama, na macho yake yalikuwa na maji ambayo hayakutoka kwenye kikohozi.

"Walofungiwa mlango ni malaika wa rehema, mwanangu," akasema. "Hao ndio wasongia penye picha. Yule wa kutoa roho hapigi hodi, wala hatazami kilicho ukutani. Akitumwa, angia."

"Kwa hivyo picha hazimzuii?"

"Hazimzuii. Umewafungia nde wageni wangu, basi. Na mimi siku zote hizi nalala hapa nawangoya."

Sijui kama niliwahi kulia vile tena. Nililia kwa sauti, nikaruka kutoka kitandani, nikaanza kumbandua keremkerem wa kwanza kwa kucha, karatasi ikapasuka pembeni. Niliwaona malaika wale wa rehema wamejazana nje, weupe, wapole, wamesimama kwenye jua la Siyu kwa sababu yangu.

"Usiwang'oe," Bibi akasema. "Nimewazoea. Nishushie, unipe na wanja wangu."

Kibuyu chake cha wanja kilikuwa kwenye kidaka cha ukutani, na kijiti chake ndani. Nilimletea picha zote mapajani. Alichovya kijiti, akamshika mdiria, yule mdiria wetu wa asubuhi zote zile, akampitishia mstari shingoni. Mkono ulikuwa ukitetemeka, mstari ukapanda na kushuka. Akampuliza, akaniwekea upande. Akamshika tetere, akatafuta utepe wake wa shingoni, akapita juu yake. Mimi nilikuwa nikimshikia karatasi isiteleze, machozi yananidondoka, ananiambia nisimloweshe kitwitwi.

Mjomba akaingia bila kupiga hodi, kwa mara ya kwanza chumba kikiwa hakina wageni. Alisimama mlangoni akiziona picha zake. Nilijua anazipenda kiasi gani. Nilikuwapo kila mmoja alipongojewa. Kisha akavua viatu, akakaa chini upande wa pili wa kitanda, akamchukua yangeyange.

"Huyu shingo yote hini," akasema. "Mstari twaupitisha wapi?"

"Hapo karibu na kitwa," Bibi akajibu. "Usiharibu wanja."

Tulimaliza jua likiwa bado juu. Nilizirudisha mahali pake zote, milango na madirisha. Nilipokuwa nikizirudisha nikaona kwamba mnana hayupo. Nilitazama chini ya kitanda, nikatazama ndani ya bahasha, nikapekua leso ya Bibi.

"Mnana hayupo, Bibi. Hajatiwa mstari."

"Ataruka huyo," akasema, amefumba macho. "Mwivi hakai na wenzake."

Nilidhani upepo umempitisha dirishani, nikaogopa kwamba mmoja tu anatosha kuharibu. Nilitoka nje nikatafuta mpaka magharibi. Sikumpata, na nilipopiga moyo konde nikajiambia kwamba kama yuko nje basi hayumo ndani.

Bibi alifariki asubuhi moja siku chache baadaye, mama akiwa anamkanda miguu. Mimi nilikuwa kisimani. Niliporudi, chumba kilikuwa kinanuka ubani, wanawake wananyanyua mikono, na wale ndege wote walikuwa wamekaa kimya madirishani na mistari yao. Nilihuzunika, lakini sikuogopa. Niliona kwamba wageni wake wamepata pa kupita, nami ndiye niliyemshikia karatasi. Imani hiyo nimetembea nayo umri wangu wote. Imenisaidia katika misiba mingine kuliko maneno ya watu wazima.

Hapo ndipo nilipokuwa nimezoea kuimalizia habari hii, na hapo nilimmalizia mwanangu. Lakini yeye alikuwa bado anapekua kopo. Chini kabisa alikuta kitu kimefungwa katika kipande cha leso kilichochanika, akakifungua, akanipa.

Alikuwa mnana. Yuko juu ya suke lake, domo limejaa, jicho jekundu linang'aa bila haya. Shingo yake ilikuwa safi. Karatasi ilikuwa imekunjika katikati na kulainika kama kitambaa, mkunjo wa kitu kilicholaliwa.

Nikampigia simu Bi Salma. Nilimuuliza picha hii Mjomba aliitoa wapi.

"Ile ya kwenye leso?" akasema. "Walomuosha mama yake ndio walompa. Walimkuta nayo kifuani, ndani ya nguo. Athmani akanambia nisimuoneshe mtu."

Nilimshukuru, nikakata simu, nikakaa na ile picha mkononi. Bibi mwenyewe ndiye aliyenifundisha kwamba yule wa kutoa roho hatazami kilicho ukutani. Alikuwa ameipitisha kwapani mbele ya macho yangu, mimi nikimshikia wenzake, akafumba macho na kunambia ataruka. Nimemdhania miaka yote hii kuwa alikuwa tayari.

"Na huyu mbona yeye hakutiwa mstari?" mwanangu akauliza.

"Bibi alimficha," nikamwambia.

"Kwa nini?"

"Alitaka kukaa na sisi kidogo zaidi."